Walivyomchagulia Mume Wangu Ndege

Sijapata kuona watu wenye ujuzi mwingi na kazi chache kama marafiki wa mume wangu. Ni watatu. Mmoja alikuwa karani wa forodha. Alipostaafu alirudisha kila kitu ofisini isipokuwa sauti ya kuamrisha. Wa pili ana duka la vitambaa ambalo linaendeshwa na mkewe. Wa tatu alikaa Maskati miaka sita akiendesha gari la kusambaza maji, na ukimsikia akisimulia utadhani alikuwa rubani wa sultani. Kila siku baada ya sala ya alasiri huja barazani kwetu hapa Malindi, wakanywa kahawa yangu, wakautengeneza ulimwengu kwa midomo mpaka magharibi.

Sikuwahi kuwapenda, na wao walijua. Lakini kwa miaka mingi dharau yangu niliifungia jikoni, kwa maana hawakuwa wamenidhuru. Walinidhuru mwaka alipougua mume wangu.

Yeye ni fundi wa redio. Redio, televisheni, amplifaya za harusini, vipaza sauti vya misikiti mitatu, vyote vimepita mikononi mwake. Asubuhi moja aliamka upande wake wa kulia umelala. Mguu ulirudi baada ya wiki kadhaa, akawa anatembea kwa kuuburura. Mdomo nao ukanyooka kiasi, akawa anasema, ila kwa taabu, neno moja baada ya jingine. Mkono ndio uliokataa.

Mtaalamu wa viungo pale hospitalini, binti mdogo asiyejua kuzungukazunguka, alituambia wazi. Bega litarudi, alisema, lakini vidole havirudi kwa dua peke yake. Vinataka kazi ndogondogo kila siku, na vinaitaka sasa, katika miezi hii ya mwanzo. Vikiachwa vitakaza vivyo hivyo vilivyo, na fundi wa redio asiye na vidole vya kulia atatafuta kazi nyingine.

"Mtafutie kitu anachokipenda, mama," akaniambia. "Huu mpira wa kubinya hatoubinya. Namuona machoni."

Kweli hakuubinya. Aliutupa chini ya kitanda. Nikampa mchele wa kuchambua, akanitazama kama niliyemvua nguo mbele za watu. Mwanamume na ungo! Afadhali mkono ukauke. Basi akawa anakaa barazani na simu yake katika mkono wa kushoto, akitazama video kutwa nzima, nami nikitazama ule mkono wa kulia uliolala juu ya paja lake.

Siku moja akaniita, akanionyesha simu. Mtu alikuwa amesimama katika uwanja wa nyasi, kashika rimoti yenye vijiti viwili, na juu yake kijindege cha betri kinazunguka polepole.

"Hii," alisema. "Nataka. Hii."

Nilitaka kucheka. Mzee wa miaka sitini na moja, mjukuu yuko njiani, anataka ndege ya kuchezea! Kisha nikatazama vidole vya yule mtu wa kwenye video. Vidole gumba viwili, kila kimoja juu ya kijiti chake, vikisogea kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele. Mume wangu akanieleza kwa maneno yake machache: cha kushoto ni mwendo, cha kulia ndicho kinachogeuza. Cha kulia! Nilikaa chini pale pale. Nilikuwa nimekitafuta kitu hicho kwa majuma na yeye amekiona mwenyewe.

Kosa letu ni kwamba alilisema mbele ya baraza.

Kwetu mgonjwa ni wa mtaa mzima. Akitaka maji, watu wanne wanainuka. Akiinua kikombe, kuna atakayekidaka akisema, "Wacha, wacha, usijisumbue," na akakishikilia kinywani pake mpaka anywe. Kumwacha mgonjwa ajifanyie jambo ni ukosefu wa utu, na mke anayemwacha mumewe ajifanyie jambo husemwa mpaka Mambrui. Hiyo ndiyo adabu yetu, na hao watatu ni mabingwa wake. Tangu mume wangu apooze, hawajamruhusu hata kuvaa kiatu.

Kwa hiyo waliposikia habari ya ndege, waliona jambo moja tu: ndugu yao ana haja, nao wataitimiza. Kikao kikaketi. Simu zikatolewa, picha zikapitishwa huku na huku. Mume wangu alikuwa ameshachagua yake. Ilikuwa na bawa pana lililokaa juu ya mgongo, na pua nene, haina uzuri wowote. Aliionyesha kwa kidole cha kushoto na akaanza kueleza kwa nini.

"Hii... kwa sababu... bawa..."

"Hiyo ni ya watoto, yakhe," dereva wa Maskati akamkatiza. "Wewe si wa kuonekana na kitu cha watoto. Kule Maskati nimeona moja ya kivita, wallahi, ikipita masikio yanaziba."

"Lazima iwe na kasi," akasema wa forodha. "Ndege bila kasi yaanguka. Hiyo ni sayansi."

"Na rangi," akasema wa vitambaa.

Mume wangu aliinua kidole tena. Watu hao hawakuwa na lolote la kufanya mpaka adhana ya magharibi, lakini hawakuwa na nafasi ya kusubiri sentensi moja iishe. Yeye ndiye aliyefungua redio za nusu ya mji huu. Yeye ndiye aliyekesha juu ya hizo video majuma mawili. Wakamchagulia ndege ya kivita, ya kijivu, yenye mabawa membamba yaliyorudi nyuma na meno ya papa yaliyochorwa puani.

Kesho yake waliinunua katika duka la Mhindi mmoja huku mjini, anayeuza feni, simu na vitu vya kuchezea. Nilikuja kusikia kwamba mwenye duka aliwaambia mara moja kuwa hiyo ni ya waliokwisha kujua, si ya kuanzia. Wa forodha akamwambia asiwafundishe. Basi akawauzia, kwa maana yeye ni mfanyabiashara si mlezi wao.

Siku ya kuirusha waliipanga wao. Na waliipanga saa gani? Baada ya alasiri, bila shaka, kwa sababu ndiyo saa yao ya kutoka. Hakuna mtu wa pwani asiyejua kwamba saa hizo upepo wa bahari ndio umeshika kasi. Ndiyo maana tunatoka nje saa hizo, kuupata. Joto limetuchosha kutwa, tunakwenda ufukweni tukapigwe na upepo, mabuibui yapepee, watoto wakimbie. Na wao, wenye sayansi, wakabeba kitu chepesi kuliko kanzu kavu wakakipeleka kwenye upepo ule ule. Sisi tu ndio tungefanya hivyo. Mtu wa bara angeuliza kwanza.

Nami nilikwenda. Walikuwa wamembebea mume wangu kiti cha plastiki, na mto wa kuegemea, na kikoi cha kumfunika magoti asipate baridi. Baridi, Malindi! Walimfungulia chupa ya maji. Wakamsogeza kivulini. Watu walikuwa wamejaa, maana dereva alikuwa ameeneza habari kwenye makundi yote ya WhatsApp aliyomo. Mume wangu alikuwa amekaa mbele kidogo ya kiti, na mkono wa kushoto ulikuwa umeunyanyua wa kulia na kuuweka tayari juu ya mapaja, kiganja juu, usubiri rimoti.

Rimoti aliishika dereva wa Maskati.

"Pumzika kwanza, yakhe," alisema. "Wacha tuizoeze. Ikishatulia twakupa."

Mimi nikasema, "Mpe mwenyewe."

"Mama, huyu mgonjwa."

Wa forodha akaishika ndege, akakimbia nayo hatua tatu kitambi kikitangulia, akairusha upepo ukiwa mgongoni mwake. Ilikwenda, ndiyo. Ilikwenda kwa kasi waliyoitaka. Ikalala ubavu, ikageuka tumbo juu, na kabla hujahesabu kumi ikajipigiza kwenye ukuta wa nyumba ya wageni. Bawa moja lilibaki chini ya ukuta na jingine upepo ukalichukua. Watoto wakapiga makofi.

"Upepo," akasema dereva.

"Betri," akasema wa forodha. "Betri dhaifu hiyo."

"Jicho," akasema wa vitambaa, akiwatazama watu waliokusanyika. "Watu wengi mno."

Wakakubaliana kwamba ni jicho. Wakamkunjia mume wangu kikoi chake, wakamwinua kwa makwapa, wakamrudisha nyumbani wakiwa na furaha ya watu waliotenda wema. Kidole chake hakikuwa kimegusa hata chaja ya ile ndege.

Usiku ule hakula. Nilipomuuliza kama tutafute nyingine, alisema, "Basi." Neno lile moja alilitoa bila taabu. Tangu hapo simu aliiweka kando, video hakuzitazama tena, na ule mkono akawa anaubeba kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa kuushika. Marafiki wakaendelea kuja na kumnywesha kahawa.

Tuliporudi hospitalini, yule binti alivikunjua vidole kimoja kimoja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Vimeanza kukaza, mama," alisema. "Kile cha gumba bado. Lakini hakina muda."

Tuliporudi mjini nilimtanguliza mume wangu nyumbani kwa tuktuk, mimi sikwenda. Nilikwenda dukani.

Sikuwa mjinga wa kwenda kichwa kitupu. Siku mbili kabla nilikuwa nimeketi jikoni na simu, nikazitazama zile video mwenyewe, mimi ambaye hata baiskeli ilinishinda. Wanaume wa kwenye video nao ni walewale, tofauti ni kofia tu. Nusu saa mtu anasifu boksi kabla ya kulifungua. Lakini ukivumilia porojo, ukweli umo, na ukweli wenyewe ni ule ule uliokuwa katika sentensi ya mume wangu waliyoikata. Anayeanza anataka bawa pana, lililo juu ya mgongo, kwa sababu hilo hubeba ndege hata ikienda polepole, na upole ndio unaompa mtu nafasi ya kufikiri. Propela afadhali iwe nyuma ya bawa, pua ikipiga chini isivunjike. Na mwili uwe wa ile foam nyeupe wanayofungia televisheni, kwa sababu itaanguka, na ile inakubali gundi. Uzuri haumo kabisa katika hesabu hiyo.

"Karibu, mama," alisema mwenye duka. "Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akaniletea boksi jipya linalong'aa. Hii, alisema, ndiyo rahisi kuliko zote. Unabonyeza kitufe kimoja inapaa, inazunguka peke yake, ukichoka unabonyeza tena inarudi miguuni pako.

"Wewe wakaa tu, mama."

"Wa kukaa tu ninaye tayari nyumbani," nikamwambia. "Nataka isiyojiendesha."

"Hii ya kujiendesha ndiyo wote wataka."

"Najua wote wataka nini. Nimeona meno ya papa."

Hapo akaelewa mimi ni nani. Akapanda ngazi, akateremsha boksi la rafu ya juu kabisa, akalipangusa vumbi kwa kiwiko cha mkono. Ilikuwa ndege nyeupe yenye bawa kama ubao wa kupigia pasi. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuinyoosha ukiachia kijiti, lakini kugeuka haigeuki mpaka uigeuze. Akaniambia kwa aibu kwamba ndiyo aliyotaka kuwauzia wale wazee, na hawakuitazama mara mbili. Nikamwambia kukataliwa na wale ndicho cheti cha ndege hiyo.

Sasa ikawa kazi ni kuwakwepa. Niliwaambia tunakwenda Matsangoni kwa dada yangu, tukapumzike siku tatu. Wakasema watatusindikiza, mgonjwa hasafiri peke yake. Nikawaambia kwa dada kuna tetekuwanga. Hamjaona watu wazima watatu wakiikumbuka miadi kwa pamoja namna ile.

Mume wangu sikumwambia chochote mpaka tulipofika. Nililiweka boksi mbele yake mkekani, nikaenda zangu kumsaidia dada kukuna nazi, na kuchungulia dirishani nikachungulia. Alilitazama muda mrefu. Kisha akalivuta kwa mkono wa kushoto, akalibana kwa goti, akalifungua.

Alfajiri, baada ya sala, tukaenda uwanja wa mpira nyuma ya shule. Kulikuwa hakuna mtu, na hakuna upepo. Majani ya mikorosho iliyozunguka uwanja hayakutikisika. Nyasi zilikuwa na umande. Alisimama. Kiti sikubeba. Kidole gumba cha kulia alikishika kwa mkono wa kushoto akakiweka juu ya kijiti kama mtu anayepanga kitu rafuni, akatikisa kichwa kwamba yu tayari.

Nikairusha. Sikukimbia, niliisukuma tu mbele kama nilivyoona. Ikashuka kidogo, kisha yeye akaongeza mwendo kwa kidole cha kushoto nayo ikapanda. Ilikwenda taratibu hata ningeweza kuifuata kwa miguu. Ikafika katikati ya uwanja. Kidole cha kulia kikasogea, kidogo sana, na bawa likainama, ndege ikageuka kushoto kwa duara kubwa ikarudi juu ya vichwa vyetu. Nilipiga kigelegele peke yangu, mwanamke mzima, kwenye uwanja wa mpira.

Halafu ikaelekea kwenye mikorosho. Sasa ilitakiwa igeuke kulia, na kusukuma kulia kwa gumba lile ni kazi nyingine kuliko kuvuta kushoto. Niliona kidole kinatetemeka pale pale. Niliona miti inakaribia. Na mimi, mwenye dharau zangu zote, mimi niliyewacheka watu tangu ukurasa wa kwanza, nikauingiza mkono wangu juu ya wake nikaishika rimoti.

"Lete," nikasema. "Lete, usijisumbue."

Akageuka na bega zima akanisukuma.

"Niachie!"

Lilikuwa neno zima, lenye hasira, halikuburura mguu popote. Tangu augue hakuwahi kunipigia kelele. Niliachia. Na pale nikijishika mikono yangu mwenyewe nilijua jambo ambalo hadi leo linaniuma: wale watatu walikuja kwetu saa mbili tu kwa siku. Saa nyingine zote, aliyemlisha kwa kijiko, aliyemfunga vifungo, aliyemkatia hata sentensi akimmalizia kwa kuwa wali unapoa, ni nani? Nikaona haya, na haya zile hazikuwa ndogo.

Kidole kikasukuma. Ndege ikageuka kulia, ikaiacha miti, ikaendelea kugeuka, ikageuka kupita kiasi, ikainamisha pua na kujitupa katika nyasi upande wa pili wa uwanja. Puh!

Nilimtazama usoni, nikiogopa kuliona lile "basi" likirudi. Yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa akikitazama kidole chake.

"Nimeiangusha," alisema. "Mimi. Mwenyewe."

Na akacheka, mdomo ukienda upande.

Niliinua mguu niende kuileta. Akanikabidhi rimoti kifuani, kwa nguvu kidogo, akaanza kwenda mwenyewe akiburura mguu umandeni, na uwanja wa mpira ni mkubwa kwa mtu wa hali yake. Sikumfuata. Alipofika aliinama akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Akanyoosha ule wa kulia. Ndege ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mimi nilisimama pale nikiibana rimoti kwa mikono yote miwili, na sikusogea.